Fundi Aliyekataa Sanduku la Plastiki

Mara ya kwanza aliponiomba swichi nilimpa swichi ya taa. Nilikuwa nimeshaiandika kwenye fomu na kumgeuzia kitabu atie sahihi. Aliitazama pale mezani, akaisukuma kidogo kwa kidole, akasema, "Mama, hii ni ya kuwasha taa. Mimi natafuta ile ya kompyuta."

"Kompyuta ina swichi yake nyuma," nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeona ya meneja ikiwashwa.

Hakucheka. Aliigeuza fomu, akachora visanduku vitatu upande wa nyuma: kompyuta ya ofisini, kompyuta ya banda la kupimia majani, na kifaa cha kusoma joto la draya, ile mashine ya kukaushia chai. Katikati akachora cha nne, akavuta mistari kutoka kwenye kila kimoja. "Hawa wote wanaandikiana barua," akasema. "Hii ya katikati ni posta. Inasoma jina juu ya bahasha, inapeleka kwa mwenyewe. Ikifa, kila mtu anakaa na barua yake mkononi."

Hayo yalikuwa maelezo marefu kuliko yote niliyowahi kupata kutoka kwake. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha chai juu ya Ikonge, miaka ya mwisho ya tisini, na kwa muda wote huo nilimwona karibu kila siku ya kazi. Kiwandani kulikuwa na fundi wa boila, fundi wa magari na fundi wa mitambo. Yeye aliyeshika umeme na vipimo aliitwa Fundi tu, bila mkia, na hakuna aliyeuliza ni fundi yupi.

Alikuja stoo kila asubuhi na kusimama nje ya kizingiti mpaka nimkaribishe, ingawa kwingine kote kiwandani alipita bila kubisha hodi. Alisalimia kwa Kigusii, "Bwakire, mama," akauliza habari za nyumbani, kisha akahamia Kiswahili pindi mazungumzo yalipofika kwenye vifaa, kana kwamba lugha ya mama haikutakiwa kuchafuliwa na fyuzi na skrubu. Alinawa mikono kabla ya kufungua kitu kipya. Skrubu zilizobaki alizirudisha zote, hata tatu, hata moja. Katika miaka yangu ya stoo hakuna mtu mwingine aliyewahi kunirudishia skrubu.

Mashine yoyote aliigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Watu hakuwagusa hivyo. Alikuwa mkali. Akikuta waya umeungwa kwa utepe, alikata kile kipande, akakibeba mpaka kantini, akakiweka mbele ya aliyekiunga wakati anakula. "Utepe ni wa kidonda," alisema, kisha akaenda zake. Nilimwona mtu mzima mwenye wajukuu akiacha chakula na kutoka nje akijifuta macho. Nilipomwambia Fundi siku ile kwamba amemwaibisha mzee wa watu, alifikiri kidogo, akajibu, "Umeme ungemwaibisha zaidi." Hakuomba radhi. Lakini wiki nzima iliyofuata alifanya kazi bega kwa bega na yule mzee, akimwonyesha namna ya kukaza viungo, bila kusema neno kuhusu utepe.

Nyumbani kwake hakukuwa na stima. Nilifika huko siku ya matanga ya mama yake, nikashangaa. Nyaya za kiwanda zilipita juu ya shamba lake la chai kabisa, unazisikia zikivuma, na ndani ya nyumba kulikuwa na kandili. Mkewe aliniona nikitazama juu, akasema, "Huyu anatengeneza za watu." Yeye mwenyewe alipoulizwa na wazee pale uani alijibu kwamba akirudi nyumbani anataka kupumzika, na kwamba hawezi kulala karibu na kitu anachojua kinaweza kuharibika.

Alikuwa Msabato wa kweli. Siku alipoajiriwa aliwaambia mabosi kwamba Jumamosi hatakuja hata mbingu zianguke, nao wakakubali kwa mdomo, kwa maana fundi kama yeye hakupatikana kati ya Keroka na Kisii mjini. Rafiki yake mmoja tu pale kiwandani alikuwa mwendeshaji wa draya, Mkatoliki kutoka Magwagwa, mtu mnene mcheshi ambaye kazi yake ya saa ya chakula ilikuwa kumchokoza kuhusu Sabato. Walikula pamoja kila siku, ndizi za kupika na chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, kutoka kwenye kikapu kimoja.

"Fundi, draya ikishika moto Jumamosi nitaomba nani?" rafiki yake alipenda kuuliza.

"Omba yule padri wako."

Walicheka wote wawili. Wakati huo ilikuwa kichekesho.

Kisha wakurugenzi wakaamua kiwanda kiwe cha kisasa. Meneja aliyekuwepo alileta watu wa kampuni moja ya Nairobi, vijana wenye viatu safi, ambao kwa siku mbili walivuta nyaya kutoka ofisini mpaka banda la kupimia na mpaka draya. Kila mahali walining'iniza sanduku dogo la plastiki lenye taa za kijani, ndiyo ile swichi Fundi aliyoiita posta. Sanduku la draya walilipigilia ukutani hatua mbili kutoka kwenye mashine. Kwa kuwa walihitaji tundu la kuingizia kifaa chao cha kusomea joto, waling'oa kipimo cha zamani cha mshale na kukileta kwangu stoo. Nilikiweka kwenye rafu ya vitu visivyotumika.

Mtu ambaye hajaingia kiwanda cha chai hawezi kujua hewa ya pale. Chai ikikatwa na kukaushwa hutoa unyoya mwepesi wa rangi ya kahawia unaoelea siku nzima na kutua juu ya kila kitu, hata kope za macho. Joto la draya linakusukuma kifuani. Sakafu inatetemeka kwa sababu ya mashine za kukatia majani, usiku na mchana. Na karibu kila alasiri mvua inakuja na radi zake.

Nilikuwapo siku ya kukabidhi, kwa sababu ilinibidi kuhesabu vifaa. Kiongozi wa vijana wale alimpa Fundi karatasi ya kutia sahihi. Fundi aliweka mgongo wa mkono juu ya sanduku la draya, akasikiliza.

"Hii mmeleta ya ofisi," akasema.

"Sanduku ni sanduku, mzee. Ndani ni vitu vile vile."

"Ina feni."

"Ndiyo, ya kuipoza."

"Itavuta hewa ya wapi?"

Kijana akatazama juu, akauona ule unyoya ukielea kwenye mwanga wa dirisha, akatazama tena karatasi yake. "Mnaweza kuwa mnaifuta kila wiki," akasema.

"Ofisi iko na zulia," Fundi akamwambia. "Hapa ni jikoni ya shetani. Sitaweka sahihi."

Meneja akaichukua karatasi akatia sahihi yeye mwenyewe.

Katika majuma matatu yaliyofuata, kuanzia siku ile nilipompa swichi ya taa, Fundi alileta stoo fomu tatu za maombi, kwa mwandiko wake ulionyooka kama rula. Zote ziliomba vitu viwili: swichi ya chuma isiyo na feni, na kurudishwa kwa kipimo cha mshale. Niliziwasilisha ofisini kama kawaida. Zilirudi moja moja zikiwa zimeandikwa kwa wino mwekundu kwamba haihitajiki kwa sasa, nami nikazitia kwenye faili. Alipokuja kuuliza ya tatu nilimwonyesha ule wino. Aliusoma, akasema asante, akatoka.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano hivi za asubuhi. Nilikuwa stoo, na kutoka dirishani kwangu niliona mlango wa chumba cha draya. Yaliyotokea ndani niliyajua baadaye kutoka kwa waliokuwapo. Tangu asubuhi kompyuta ya meneja ilikuwa inaonyesha joto la chini, lile la mapema tanuri likiwa linaanza tu kushika. Meneja alipiga simu ya ndani: "Draya ni baridi. Ongezeni kuni." Wakaongeza. Baada ya muda akapiga tena. Wakaongeza tena. Mara ya tatu mwendeshaji alishika simu mwenyewe, akasema joto analolisikia mwilini si la draya baridi. Akaambiwa, "Kompyuta haidanganyi. Fanya kazi."

Yeye hakuwa na kipimo cha mshale cha kutazama. Kilikuwa kwangu. Akafanya kilichobaki: alifungua mlango wa pembeni wa draya achungulie. Chai ya ndani ilikuwa imeshashika moto ikisubiri hewa tu, na mlango ule ukaipa.

Nilisikia sauti kama gunia zito likidondoka. Kisha watu wakawa wanakimbia, na mmoja wao alikimbia kuteremka kilima kuelekea kanisani.

Fundi alikuja na suti yake ya Sabato na tai shingoni, matope mpaka magotini. Rafiki yake alikuwa ameshapakiwa kwenye pikapu kupelekwa hospitali, mikono yote miwili na upande mmoja wa uso vimeungua. Fundi alisimama kando ya pikapu, akamwambia jambo ambalo sikulisikia. Kisha akaingia ndani. Alizima feni kubwa ya hewa, akafunga milango ya hewa mmoja baada ya mwingine, akawazuia waliokuwa tayari na ndoo za maji, akangoja. Moto ukakosa pumzi ukafa. Ndipo akaenda ukutani, akaling'oa lile sanduku la plastiki, akalibeba mpaka ofisini. Alilifungua juu ya meza ya meneja kwa kijisu, mbele yetu watu watano au sita. Kile kifeni kilikuwa kimefungwa na unyoya wa chai, kimekuwa kama kiota cha ndege. Plastiki ya ndani ilikuwa imelainika.

Nyuma ya sanduku lile, kwenye kompyuta, ile nambari ya chini ya asubuhi ilikuwa bado ipo. Sanduku limefunguliwa mezani, nyaya hazijaungwa na kitu, na kompyuta bado inasema draya ni baridi.

"Kitu kinachokufa na kelele ni rafiki yako," Fundi alisema. "Hii ilikufa kimya."

Siku ile hakuiandika kwenye kitabu cha mahudhurio. Nilipomkumbusha alisema haikuwa kazi.

Jumatatu alipewa barua. Ilisema hakuwapo kazini wakati wa ajali na kwamba alishindwa kutunza vifaa vilivyokuwa chini yake. Akaambiwa akae nyumbani mpaka wakurugenzi waamue. Ruhusa yake ya Jumamosi haikuwa imeandikwa popote.

Mchana wa siku hiyo meneja alikuja stoo, jambo ambalo hakulizoea.

"Zile fomu za Fundi ziko?"

"Ziko kwenye faili, bwana."

"Angalia vizuri." Alikuwa akitazama rafu, si mimi. "Nafikiri hakuna."

Nilimwelewa. Nilisema, "Nitaangalia."

Niliziona jioni ile ile, zote tatu, mahali nilipoziweka. Nilizirudisha, nikafunga kabati. Karani wa wakurugenzi alipoziulizia kwa simu nilimjibu kwamba bado natafuta. Aliuliza tena wiki iliyofuata, nikamjibu vile vile. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na mume asiye na kazi, na kazi za stoo hazikuwa nyingi pale kwetu. Hizo ni sababu. Sidai kwamba zilitosha. Siku zilipita kumi na moja. Fundi hakuja kuniuliza, wala hakutuma mtu.

Siku ya kumi na moja alikuja mke wa mwendeshaji wa draya. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi wenye ovaroli na buti za mumewe, kwa sababu kanuni ilisema vifaa vya kampuni virudishwe mtu akiwa nje ya kazi. Kanuni ilisema pia kwamba niandike hali yake. Mkono wa kushoto wa ovaroli haukuwapo.

"Andika vile iko," mama yule akaniambia aliponiona nimeshika kalamu bila kuandika.

Nikaandika imeungua. Nikamuuliza hali ya mgonjwa.

"Anaendelea. Bado hawezi kushika kijiko. Fundi anakuja kila siku, anamlisha." Akakunja mfuko wake mtupu, akauweka kwapani. "Wanabishana tu vile vile. Sista wa wodi amewaambia wanyamaze."

Alipotoka nilichukua faili, nikafunga stoo saa za kazi, jambo nililokuwa sijawahi kufanya. Nilitembea mpaka kwa mwenyekiti wa wakurugenzi, mwalimu mstaafu, nikamkuta shambani mwake akichuma chai na kikapu mgongoni. Alizisoma fomu zile akiwa amesimama katikati ya mistari ya chai, moja baada ya nyingine, na wino mwekundu wa kila moja.

"Hizi zilikuwa wapi?"

"Stoo, mwalimu."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote."

Alinitazama kwa muda. Alikuwa amefundisha watoto miaka mingi na alijua kutazama namna ile. Kisha akasema nirudi kazini. Meneja aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Fundi aliitwa, akaja na nguo zake za kazi, akasimama nje ya kizingiti changu kama kawaida. "Bwakire, mama. Naomba kile kipimo cha mshale." Akatia sahihi, akakibeba kwa mikono miwili.

Wakurugenzi walimwachia achague mwenyewe. Alichukua kipande cha katoni ya chai, akaandika masharti yake, nami nilikinakili ndiyo maana nayakumbuka. Ganda liwe la chuma. Isiwe na feni wala tundu la kupumulia. Ikae ndani ya paneli kwenye reli yake, ishikamane yenyewe hata sakafu ikitetemeka. Itumie umeme wa volti ishirini na nne, kutoka njia mbili, moja ikiwa ya betri. Na sharti la mwisho alilipigia mstari: ikifa, ipige kengele.

Alinichukua twende Kisii mjini kwa sababu agizo lilihitaji mhuri wa stoo. Mwenye duka la vifaa vya umeme, mzee wa Kihindi ambaye baba yake ndiye aliyelifungua, alikisoma kile kipande cha katoni akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Fundi, hii kitu hakuna Kisii," akasema. "Hii kitu hakuna Kisumu. Mimi naweza uliza ndugu yangu Nairobi, yeye naweza uliza Ulaya. Lakini kwa nini wewe nataka bunduki kuua panya?"

"Panya alichoma mtu wangu."

Mzee yule alivua miwani zote mbili. Habari za ajali zilikuwa zimemfikia. "Mimi taleta mbili," akasema. "Wewe nachagua."

Zilikuja baada ya miezi, aina mbili tofauti. Fundi hakuchagua kwa kuzitazama. Alizifunga zote juu ya fremu ya mashine ya kukatia majani, mahali ambapo hata kikombe cha chai hakikai, akaziwasha na kuziacha siku saba. Kisha akazisogeza karibu na draya siku saba nyingine, akiwa amezimwagia unyoya wa chai kwa konzi. Kila asubuhi aligusa, akasikiliza, akaandika. Moja ilikuwa nzuri machoni, imepakwa rangi ya buluu inayong'aa, maandishi ya dhahabu. Siku ya nne skrubu zake za kushikia waya zilianza kulegea. Ya pili ilikuwa ya kijivu, nzito, sura mbaya kama tofali. Haikulegea popote.

Tuliporudi dukani mzee alimuuliza, "Fundi, wiki mbili nzima! Wewe nanunua ama naoa?"

"Mke unaweza kuzungumza naye," Fundi akajibu. Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Ndiyo mara pekee niliyomwona Fundi akimchekesha mtu kwa makusudi nje ya saa ya chakula.

Tuliagiza nyingine za kijivu, na kuzifunga kulichukua muda mrefu kuliko walioutumia vijana wa Nairobi, na mhasibu alilalamika. Fundi aling'oa kila waya uliokuwa umelazwa pamoja na nyaya za mota. Waya wa habari na waya wa nguvu, alisema, zisilale kitanda kimoja. Zikikutana zikatane kama njia panda, zipite. Kati ya jengo na jengo alikataa shaba kabisa. Akataka waya wa kioo unaopitisha mwanga, kwa sababu radi haina njia ndani ya kioo, na akamleta mtu wa kuuunganisha kutoka Nairobi, akakaa nyuma yake siku nzima akimtazama mikono bila kuuliza swali. Jioni aliniambia, "Huyu anajua," na kutoka kwake hiyo ilikuwa medali. Paneli alizifunga kwa mpira, na nyaya zikaingia kwa chini, zikiwa na tumbo kidogo ili maji yakiteremka yadondoke kabla ya kuingia. Kila waya ulipata jina ncha zote mbili. "Waya usiojua mwisho wake ni nyoka," alisema.

Waya mkuu aliuzungusha ukarudi ulikoanzia, ili ukikatika huku habari zipite kule. Nyuma ya jengo alizamisha fimbo za shaba ardhini kwa ajili ya radi. Wakati wa kiangazi alizimwagilia maji kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, maana udongo mkavu haumezi radi, na wachuma chai waliopita walisema Fundi sasa anapanda vyuma.

Radi ilikuja msimu wa mvua ndefu, ikapiga nguzo ya karibu na geti. Simu za ofisi zilikufa, redio ya mlinzi ikatoa moshi. Yale matofali ya kijivu hayakutikisika. Nilidhani Fundi angefurahi, lakini alitembea kutoka paneli moja mpaka nyingine akigusa kila moja, kisha akaenda kutengeneza redio ya mlinzi.

Jambo lililomfurahisha lilitokea baadaye, na kwa mtu mwingine lingekuwa hasara. Mwendeshaji wa draya alikuwa amesharudi, mikono yake ikiwa na makovu yanayong'aa, vidole viwili havikunjiki. Siku moja mchana kengele ililia juu ya draya. Swichi ilikuwa imekufa. Hata chuma hufa. Mwendeshaji alitazama kipimo cha mshale, akawaambia watu wa tanuri wasimamishe kuni, akakaa kwenye kiti chake akangoja. Fundi alikuja mbio, akamkuta amekunja mikono.

"Inalia," rafiki yake akasema.

"Nasikia."

Wakasimama pale wakiisikiliza kwa muda kabla ya yeyote kwenda kuizima.

Niliacha kazi ya kiwanda miaka michache baadaye, nikahamia Keroka kwa biashara ndogo ya vitambaa. Fundi alistaafu. Nilisikia habari zake kwa watu, kisha nikaacha kuzisikia. Zile siku kumi na moja sikuwa nimewahi kumwambia. Nilijiambia kwamba hakujua na hakukuwa na haja.

Nilimkuta Keroka siku ya soko, katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Alikuwa amepungua mwili, kofia ya sufu imeshuka mpaka masikioni, anasubiri kupimiwa mbegu za sukuma wiki. Alinitambua haraka kuliko nilivyomtambua mimi. Tulishikana mikono. Sijui ni nini kilinisukuma, labda kule kuona amezeeka. Nikasogea karibu, nikamwita baba kwa Kigusii, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Tata, kuna jambo. Zile fomu zako, wakati ule wa moto. Nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati?"

Mashine za kiwanda zilikuwa zimechukua masikio yake. Nikarudia, juu zaidi kidogo.

"Sema kwa nguvu, mama. Sisikii."

Dukani tulikuwa watu kama wanane. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti: "Nilikuwa na fomu zako siku kumi na moja! Niliwaambia sizioni! Nilikuwa nazo!"

Mwenye kupima mbegu alisimamisha mkono. Mama mmoja aliyeshika dawa ya kupe alinigeukia kabisa. Fundi alitikisa kichwa polepole, kuonyesha sasa amesikia. Kisha akajibu, na kwa kuwa hakujua tena kupima sauti yake, naye alipaza, duka lote likasikia.

"Wewe ulikaa na karatasi siku kumi na moja. Mimi nilipita mbele ya ile sanduku wiki tatu. Kila siku. Niko na koleo mfukoni."

Nikamwambia kwamba yeye alikuwa amekataa, kwamba aliandika mara tatu. Sijui kama alisikia.

"Niliandika," akasema. "Waya ulikuwa unene wa kidole cha mtoto. Ningekata tu."

Mwenye duka akamkabidhi mbegu zake zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Alizipokea, akaniuliza kama mama yangu bado yuko hai. Nikamwambia yuko, kwa sauti kubwa. Akasema nimsalimie, akashuka ngazi moja baada ya nyingine akishika ukuta, akangoja malori yapite, akavuka barabara.